Basi, Beba Ngoma

Baba yake alipomwambia aiondoe ile ngoma kanisani, Kyakimwa alijua papo hapo kwamba mzee hakuwa anazungumzia ngoma.

Walikuwa wamesimama nyuma ya kanisa, upande wa sakristia, na misa ya jubilei ya parokia ilikuwa karibu kuanza. Uwanja wote ulijaa watu waliovaa kitenge kimoja cha sherehe. Papa Élie alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa, na alizungumza kwa sauti ya chini huku akimtabasamia kila aliyepita na kumsalimu. Alikuwa mtu wa kujulikana Kisangani. Sukari na chumvi za maduka mengi ya mjini zilipitia kwenye depo yake, na hakutaka yeyote atambue kwamba anagombana na binti yake siku kubwa kama ile.

Alimweleza kwamba kanisa lina kinanda, kinanda kizima, na wimbo wa Mungu hauhitaji gogo la wavuvi. Halafu, bila kuvuta pumzi, akamkumbusha kwamba baada ya misa familia ya Carlos, kijana aliyemchagulia, itakuja kula nyumbani. Mama yake ameshapika. Yeye atakaa karibu na Carlos, na atakuwa na uso wa kupendeza.

Mzee aliyasema kama mambo mawili mbalimbali, lakini kwa Kyakimwa lilikuwa jambo moja tu. Aliyekuja kupiga ngoma ile alikuwa Lambert, kijana wa mto aliyempenda.

"Papa, hii misa niliiandika na ngoma ndani yake," alisema. "Ukiiondoa, misa haiko."

"Basi isikuwe." Papa Élie alimpungia mkono jirani aliyekuwa akipita, kisha akamgeukia tena, na safari hii hakuwa na tabasamu. "Nilikusomesha ili upande, Kyaki. Weye unashuka na mayi."

Akaenda zake kukaa kwenye benchi la mbele.

Kushuka na maji, ndiyo, Kyakimwa alikuwa ameshuka. Alipomaliza masomo ya muziki kila mtu alidhani atabaki mjini kufundisha piano watoto wa wenye uwezo, na Jumapili atapiga kinanda parokiani mpaka apate mume. Badala yake alisikia kwamba shule moja ya Yanonge, mji mdogo ulio kando ya mto chini ya Kisangani, ilikuwa ikitafuta mwalimu wa muziki na haikumpata. Akapanda baleinière, zile mashua kubwa za mbao zinazobeba watu pamoja na magunia na mbuzi wao, akiwa amepakata kinanda kidogo cha umeme kama mtu aliyepakata mtoto. Baba yake alisema atarudi kabla ya mvua.

Kinanda kilinyamaza mapema, kwa sababu umeme wa kukilisha haukuwepo. Lakini hilo halikumuumiza kama kicheko cha wanafunzi. Alikuwa amechukua nyimbo zake mwenyewe, zile alizozitunga mjini na kuzionea fahari, akaomba zitiwe maneno ya Kilokele, lugha ya watoto wale. Siku ya kwanza darasa zima lilicheka mpaka machozi. Katika lugha ile sauti ikipanda mahali pa kushuka neno linakuwa neno jingine, na sala yake nzuri kwa Mama Maria ilikuwa imegeuka maneno ambayo hakuna mtoto hata mmoja aliyekubali kumfasiria.

Alilia alasiri ile peke yake. Kesho yake akazichana nyimbo zote, akaenda kukaa sokoni kusikiliza jinsi mama wauza samaki wanavyoitana, wapi sauti zao zinapanda na wapi zinaanguka. Nyimbo alizotunga baada ya hapo zilikuwa za kwanza ambazo hakumwiga mtu.

Nyimbo hizo zilidai lokole, ngoma ya Walokele, gogo lililochimbwa tumbo, lisilo na ngozi, ambalo tangu zamani linatuma habari kutoka kijiji hadi kijiji juu ya maji. Wakampeleka kwa Lambert, mjenzi wa mitumbwi, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Kuchonga ngoma hakuhitaji msimamizi, lakini kila jioni baada ya darasa Kyakimwa alijikuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akitazama mikono ile ikifanya kazi. Walikuwa wakitazamana na kuacha, wakitazamana tena na kuacha. Ngoma ilipokamilika Lambert aliipiga, akamuuliza anasikia nini. Kyakimwa alisema anasikia mtu anaitwa. Lambert akaendelea kupiga bila kuinua macho, akasema mtu huyo ni yeye.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na ingawa shangazi za Lambert walinong'ona kwamba binti wa duka hawezi kupara samaki, na Papa Élie huko mjini alikataa hata kulitaja jina la kijana huyo, wao wawili walipendana mwaka mzima mbele ya macho ya Yanonge yote.

Kyakimwa alimtafuta Abbé Sylvain, paroko, akamkuta anavaa kanzu. Padri alikuwa amekwisha kuongea na mzee. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba misa ni ya kwake Kyakimwa, uamuzi ni wake, ila anaomba amani, kwa kuwa Papa Élie ni mfadhili na mabenchi yote ya kanisa ni zawadi yake. Kyakimwa alimjibu kwa heshima kwamba ngoma itapigwa. Akatoka haraka, kabla padri hajaongeza neno.

Katika ukumbi wa parokia, wanafunzi wake aliokuja nao kutoka Yanonge walikuwa wamejipanga kwa mashati meupe. Pembeni, mahali pa ngoma, palikuwa patupu.

Exaucée, mwenye sauti ya kwanza, msichana asiyeficha neno, alimwambia kwamba Tonton Lambert alikuwa upande wa pili wa ukuta wakati Madame na papa yake wakiongea. Alisikia yote. Alibeba ngoma begani, akaelekea beach, kule zinakofunga mashua.

Hasira ilimpanda Kyakimwa. Alimwachia Exaucée kundi, akarudi mbio kumwomba Abbé Sylvain atangulize hotuba za wageni. Padri alimtazama, akasema kwamba jubilei haikosi hotuba. Nje akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akamwambia mwendeshaji akanyage kama anakimbizwa.

Beach ya baleinière ilikuwa kimya kidogo siku ile ya Jumapili. Lambert alikuwa ndani ya mashua ya mjomba wake, ameinama, akifunga ngoma kwa kamba katikati ya madumu. Alimwona akishuka kwenye tope na viatu vyake vya misa, na mikono yake ikasimama.

"Rudia kanisani, Kyaki," alisema. "Misa itaanza."

"Nani alikuambia uondoke?"

"Hakuna mutu. Nilisikia papa yako. Bon, miye sitaki kuharibu siku yako."

"Donc siku iko yangu," Kyakimwa alisema, "lakini kuchagua iko ya weye na papa."

Lambert aliruka chini, maji yakamfika kwenye vifundo. Alisimama mbele yake, na katika uso wake Kyakimwa aliona mapenzi yale yale ya kila jioni, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu huyu hakuwa amemchoka. Alikuwa anamtoa kama mtu anayetoa sadaka.

"Sikiliza," Lambert alisema taratibu. "Miye natengeneza mitumbwi. Weye, nyimbo yako itaenda Kinshasa, itaenda Poto, kwa bazungu. Batu batakuita. Siku moya utaniangalia na utasema, njo huyu alinifunga ku Yanonge. Sitaki kuona yale macho. Heri nikuache leo, ungali unanipenda."

Mwanamke aliyekuwa akiosha nguo karibu alijifanya hasikii, ila mikono yake ilikuwa imeacha kusugua.

"Papa anasema weye hunifai," Kyakimwa alisema. "Weye unasema miye niko mukubwa kwako. Mulikutana wapi, mukapatana bila miye?"

Kyakimwa alikanyaga maji, akamkaribia.

"Hakuna mutu alinifunga ku Yanonge. Nilienda na miguu yangu. Mbele ya Yanonge nilikuwa nakopia nyimbo za batu. Muziki yangu ilizaliwa kule, Lambert, na sikuzaa peke yangu." Alionyesha kwa mkono upande wa kanisa. "Kama hunipendi, sema hapa, nitarudia peke yangu na nitawaongoza batoto bila ngoma. Lakini usiniache juu ya huruma. Sikukuomba huruma."

Mto ulikuwa ukipita nyuma yake, mpana, na magugu yake ya kijani yakielea kuelekea chini, kuelekea Yanonge. Lambert hakuinamisha macho kama alivyozoea. Alimtazama moja kwa moja, na macho yake yalikuwa na maji.

"Nakupenda," alisema. "Unajua."

"Najua. Basi, beba ngoma."

Walipofika kanisani msemaji wa mwisho alikuwa akishukuru kwa mara ya pili watu aliowashukuru mara ya kwanza. Kyakimwa alipita katikati ya kanisa, viatu vyake vikiacha alama za tope kwenye sakafu iliyopigwa deki, na Lambert nyuma yake na gogo begani. Hakupitia mlango wa pembeni. Alipita pale pale mbele ya benchi la baba yake. Aliuona mkono wa mzee ukibana ukingo wa benchi, na karibu naye Carlos, kijana mwenye miwani na adabu zake, ambaye aligeuza shingo kuwatazama.

Aliinua mikono. Watoto wa Yanonge wakavuta pumzi pamoja.

Ngoma ilianza peke yake, chini, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kuamsha nyumba yote. Kisha sauti za wavulana zikaingia chini yake, na wasichana wakapanda juu. Kanisa lile, lililozoea kusimama na kukaa kwa utaratibu, likaanza kutikisika mabega. Wazee wa mto waliokaa nyuma, watu wa Isangi na Yanonge waliohamia mjini, walikuwa wanayaelewa maneno ya ngoma kabla hayajaimbwa, na wengine walikuwa wakilia waziwazi. Kyakimwa alikuwa amewapa mgongo wote. Alichoona ni watoto, na juu ya vichwa vyao uso wa Lambert, ambaye alikuwa akipiga bila kuangalia ngoma. Alikuwa akimwangalia yeye. Hakuna aliyewahi kumwangalia hivyo mbele ya watu wengi kiasi kile, na hakutaka aache.

Walipoimba Gloria, Papa Élie aliinuka, akatoka nje.

Mtu mwingine angeishia hapo, angewachukua wanafunzi wake na kujificha katika nyumba ya masista walipolala. Kyakimwa alikwenda kula kwa baba yake. Aliambiwa aende, na alikwenda, akiwa ameshikana mkono na Lambert.

Meza ilikuwa imetandikwa sebuleni, lituma ya ndizi zilizotwangwa laini, pondu ya majani ya muhogo, kuku, na samaki mkubwa wa kukaanga. Wazazi wa Carlos walikuwa wamekaa. Wale wawili wakaingia. Viti vilikuwa vimehesabiwa kwa wageni walioalikwa, na kwa dakika nzima Lambert alisimama karibu na mlango kama mtu aliyeleta mzigo na anasubiri kuambiwa auweke wapi. Ndipo Mama Angèle, mama yake Kyakimwa, ambaye katika nyumba ile alijulikana kwa kutosema kitu, alipokwenda jikoni, akarudi na kiti, akakiweka kati ya binti yake na Carlos. Hakumwangalia mume wake.

"Papa, huyu njo Lambert," Kyakimwa alisema. "Njo yeye atanioa. Nilitaka usikie kwa mudomo yangu, mbele ya bageni, ili mutu asidanganywe."

Mama wa Carlos aliweka uma chini. Carlos mwenyewe alimpa Lambert mkono, akamwambia kwamba hajawahi kusikia misa kama ile, na inaonekana alimaanisha, kwa kuwa baba yake alimkanyaga mguu chini ya meza.

Papa Élie alizungumza kwa muda mrefu bila kupaza sauti. Alikumbusha jinsi alivyotoka Butembo akiwa kijana, akilala juu ya magunia ya maharage ili yasiibwe, ili watoto wake wasilale juu ya kitu kama hicho. Alisema hana chuki na watu wa mto, anafanya biashara nao kila siku, ni watu wema. Lakini mtoto wake hatakuwa mke wa mchonga mitumbwi katika mji usio na taa, akifundisha watoto kuimba mpaka ujana wake uishe na asijulikane na mtu. Na Kyakimwa, akimsikiliza, alielewa kwamba mzee anaogopa, na kwamba hofu ile ilikuwa mapenzi ya aina yake. Iliuma zaidi kwa sababu hiyo.

Lambert aliomba ruhusa ya kusema. Alisema kwa kifupi kwamba familia yake itakuja kupiga hodi kama inavyotakiwa, na wakifukuzwa watakuja tena.

"Hawatafunguliwa," alisema Papa Élie. Akamgeukia binti yake. "Na weye, kesho ukipanda ile mashua, usirudie kwangu na shida zako."

Kyakimwa alisimama. Sauti yake ilitoka safi, ile sauti aliyoitumia kunyamazisha darasa.

"Nitarudia, papa. Shida sitaleta. Nitakuleteya bajukuu, na nitarudia na bwana yangu. Ukifunga mulango, nitaimba inje mupaka majirani bakuombe ufungue."

Alipiga goti kidogo kwa heshima mbele ya wazazi wa Carlos, akawaomba radhi kwa chakula kilichopoa. Kisha akatoka na Lambert, na barabarani akakaa kwenye ukingo wa mtaro na kulia, na Lambert akakaa karibu naye, akimfunika mabega kwa mkono wake mzito unaonukia mbao, bila kumwambia anyamaze.

Kesho yake asubuhi baleinière ilikuwa imejaa. Wanafunzi walikuwa wamekaa juu ya magunia, wakirudia Gloria yao kwa wale abiria ambao hawakuwepo kanisani, na Lambert alikuwa nyuma na mjomba wake, wakihangaika na mota. Kyakimwa alikuwa amelala kidogo sana. Alijilazimisha kutoangalia njia inayoshuka kutoka mjini, na bado aliiangalia. Hakuna gari la baba yake lililotokea. Alijiambia kwamba hakulitegemea.

Mjomba alikuwa amekwisha kuamuru kamba zifunguliwe wakati toleka moja iliposhuka kwa kasi mpaka kwenye tope, na juu yake, ameunyosha mgongo kama malkia, mfuko mapajani, alikuwa Mama Angèle.

Kyakimwa aliruka chini. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba baba ameugua.

"Papa yako iko muzima, analala," mama alisema, akimpa mfuko aushike. "Nisaidie kupanda. Hii bao inateleza."

"Mama, unaenda wapi?"

"Ku Yanonge." Alisema kama mtu anayetaja soko. "Miaka yote unafundisha kule, na sijaona hata darasa yako. Jana nilisikiliza ile misa, nikasema, huyu mutoto nilimuzaa miye, lakini simujui. Nataka kuona mahali inatoka."

Lambert alikuwa ameacha mota. Alikuja mbio, akaingia majini na suruali yake yote, akampa mkono. Mama Angèle alimtazama kwanza, kutoka kichwani mpaka kwenye maji, taratibu, bila haya, kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akaushika mkono ule kwa nguvu, akapanda. Wanafunzi walimsogezea nafasi iliyo bora, karibu na kivuli cha turubai, na Exaucée akamtandikia kitenge.

Walikuwa wameshaingia katikati ya mto, nyumba za Kisangani zikipungua nyuma yao, simu ilipolia ndani ya mkoba wa mama. Kyakimwa aliliona jina la baba yake kwenye kioo. Watoto nao waliona kitu katika uso wake, wakaacha kuimba. Hata mota ilionekana kupunguza sauti.

Mama Angèle aliiacha simu ilie kidogo, akijitengeneza kilemba. Kisha akaipokea.

"Élie," alisema, "lituma iko mu nyungu, na samaki niliifunika na sahani. Pasha mwenyewe." Alisikiliza, akitazama maji. "Niko ku mayi. Ninaenda kuona bakwe yetu."